Mwaka Waimbaji Walipoingia Bendi ya Wamae

Wamae alikuwa na miaka arobaini nilipomjua, lakini sote tulimwita mzee. Alikuwa amechoka mapema. Mchana kutwa alifanya kazi ya dobi hospitalini, akichemsha mashuka na blanketi katika mapipa yanayotoa mvuke, na magadi yalikuwa yamemla viganja mpaka ngozi ikawa nyeupe na ya kukunjamana, kama ya mtu aliyekaa mtoni siku nzima. Saa kumi jioni akitoka kazini alitembea kwa miguu hadi uwanja wa Ruring'u, vijiti vyake viwili vya ngoma vikiwa ndani ya koti, na huko aliwafundisha watu ishirini na wanne kupiga ngoma mpaka jua lizame nyuma ya milima ya Nyandarua.

Watu hao walikuwa wafanyakazi wa mjini kama yeye: makarani, mafundi wa baiskeli, mpishi wa hoteli, mwalimu mmoja au wawili. Walikuwa na ngoma ndogo kumi na mbili, zile zenye nyuzi chini, ngoma kubwa tatu, matoazi, na tarumbeta za shaba ambazo rangi yake ilishindana na chai ya rangi. Kila Desemba bendi za miji ya mlimani zilikutana kushindana: sisi wa Nyeri, Kagio, Kangema, Karatina, Kerugoya na Nanyuki. Bendi iliingia uwanjani, ikapiga, ikatembea kwa safu, ikageuka, ikatoka. Waamuzi wakaandika alama. Kwa miaka sita bendi ya Wamae haikuwahi kushuka chini ya nafasi ya pili.

Sababu ilikuwa mvua. Ndivyo alivyoliita lile pigo la mfululizo ambapo vijiti huenda kasi mpaka sikio lisiweze kutenganisha kipigo na kipigo. "Pigeni mvua," alisema kwa sauti ya chini, na ngoma kumi na mbili zikanyesha pamoja na kukatika pamoja, kama mtu mmoja amefunga mlango. Hakuna bendi nyingine iliyoweza kukata hivyo. Nilikuwa nawasikia kutoka barabarani nikirudi kutoka duka la nguo la Salim, nilikokuwa nauza vitambaa, na nilisimama kila mara.

Mimi naitwa Murugi. Sikuwahi kupiga ngoma hata siku moja. Niliingia bendi ya Wamae kwa mdomo.

Ilianza na barua, mwaka wa sabini na nne. Kamati ya mashindano iliandika kwamba kuanzia mwaka huo bendi zinaruhusiwa kuongeza waimbaji na waigizaji, ili maonyesho yawe na hadithi na watu wapate kuelewa kinachopigwa. Wamae aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni. Dawud, mtoto wa Salim, ambaye ndiye aliyeongoza tarumbeta, alimuuliza imesema nini.

"Imesema tunaweza kuongeza waimbaji na waigizaji."

"Na tutaongeza?"

"Ya nini? Ngoma ikishindwa kusema ndio unaitafutia mdomo. Yetu haijashindwa. Shika tarumbeta yako."

Desemba hiyo walikwenda Kagio bila mwimbaji hata mmoja. Walipiga vizuri, hata mahasimu walikubali. Lakini wenyeji walipoingia uwanjani hawakuingia kwa safu. Waliingia wanawake wanane na vikapu vya nyanya, wakigombana juu ya mahali pa kukaa sokoni, na ngoma zikawajibu kila mmoja kwa pigo lake, na ugomvi ukageuka wimbo. Watu walicheka mpaka wakalia. Mzee mmoja alitoka kwenye nyasi akataka kununua nyanya kweli. Kagio walipata nafasi ya kwanza. Nyeri walipata ya tano kati ya sita.

Wiki iliyofuata bendi ilikaa mkutano. Dawud alisema lililokuwa mioyoni mwa wengi. "Mzee, watu walisikia ngoma yetu wakapiga makofi. Walisikia ya Kagio wakaimba nayo mpaka nyumbani. Si kitu kimoja."

Wamae alijikuna viganja. Akasema, "Leteni hao waimbaji. Nimechoka kubishana."

Wala hakukubali, alikuwa amechoka tu. Nilikuja kujifunza kwamba kwake mambo mengi yaliamuliwa hivyo.

Tukaja wanawake saba na wanaume wawili. Wengi wetu tulitoka kwaya. Dawud alinishawishi mimi, kwa kuwa alikuwa akinisikia nikiimba dukani kwa baba yake nikikunja vitambaa. Mkubwa wetu alikuwa Kabura, ambaye tulimwita Mama Gicheru kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na tano hivi, anayelima kipande chake juu ya Ruring'u, na mkono wake wa kushoto haukuwa ukinyooka. Aliubeba umekunjwa kifuani kama mtu aliyeshika mtoto asiyeonekana. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, na haikutetemeka hata akiimba akipanda mlima.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa aibu. Ngoma zilitumeza. Tulifungua vinywa, mishipa ikatutoka shingoni, na hakuna aliyesikia neno. Wamae alitutazama kwa uchovu wa mtu aliyeletewa mzigo mwingine, akaondoka. Kesho yake alikuja na blanketi nne kuukuu za hospitali zilizokuwa zitupwe. Alizikata, akalaza vipande juu ya ngoma ndogo, akawaambia wapigaji, "Hapa wanaimba, nyinyi mnapumua tu. Wakinyamaza, toa blanketi." Kisha akatusogeza mbele, akatufundisha kuvuta pumzi kwa mguu wa kushoto, ili tusiishiwe tukitembea. Hakutusifu. Lakini baada ya wiki mbili maneno yetu yalisikika mpaka barabarani.

Hadithi iliandikwa na Mwalimu Wachuka, msichana mwenye miwani aliyefundisha shule ya msingi, mwenye haraka ya maneno na saa kubwa ya mkononi aliyoazima kwa kaka yake. Alitaka kitu kizito kuliko nyanya. Akasema tuonyeshe mitaro ya wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, wanawake walipokuwa wakiamshwa alfajiri katika vijiji vya seng'enge na kupelekwa kuchimba handaki kando ya msitu, ili wapiganaji wa uhuru waliojificha humo wasipate chakula. Kisha uhuru uje, tarumbeta zilie, tumalize kwa furaha.

Wapigaji vijana walifurahi. Wakubwa walitazama chini. Ulikuwa mwaka wa sabini na tano. Kila mtu aliyepita miaka thelathini alikuwa amechimba, au amechimbisha, au mama yake alichimba. Mambo hayo hayakuzungumzwa hovyo. Mtu hujui aliyeketi karibu nawe kanisani alikuwa upande gani.

Wachuka aliuliza kama kuna anayejua nyimbo walizoimba wakichimba. Kabura akaanza kuimba, bila kutangulia na neno, akiupiga mguu chini mahali ambapo jembe lingeanguka. Alipomaliza mpishi wa hoteli alikuwa amevua kofia.

"Tutaanza na hiyo," Wachuka akasema kwa sauti ndogo.

Mpangilio ukawa hivi. Wanawake wanaingia wakiimba wimbo wa shamba. Tarumbeta ya Dawud inawakata. Ngatia, mpigaji wa ngoma kubwa, anatokea na kofia ya hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na wakoloni, na fimbo. Juu ya sanduku, langoni mwa kijiji, anasimama mpiga ngoma, peke yake, anapiga mvua. Mvua ikinyesha wanawake wanakimbilia safu. Ikikatika, asiyefika anapigwa. Wa mwisho alikuwa Kabura, na furushi mgongoni.

"Mwalimu wa ngoma, hapo langoni ni wewe," Wachuka akamwambia Wamae. "Hakuna mwingine anaweza mvua ya peke yake."

"Mimi si mwigizaji."

"Hakuna maneno. Unapiga tu."

"Nimesema mimi si mwigizaji."

Walijaribu mtu mwingine, kisha mwingine. Mvua ilikuwa nyembamba, kama dengu zinazomwagika kwenye sinia. Ikawa wiki ya tatu tunapoteza wakati, na kila mtu akawa mkali kwa mwenzake. Jumamosi moja Wamae aliweka koti lake chini, akapanda sanduku, akapiga mwenyewe. Hatukushangilia. Tuliona tu kwamba sehemu imepata mtu wake.

Hapo ndipo shida ya muda ilipoanza. Kanuni ilikuwa dakika kumi na mbili. Ukizidisha unakatwa alama. Sisi tulizidisha kila mara, na kila mara ilikuwa pale langoni. Kabura alitokea mbali, akija kwa mwendo wake wa polepole, na Wamae hakukata. Mvua iliendelea na kuendelea. Ngatia alibaki na fimbo hewani kama mtu anayengoja ndizi ianguke. Ni mpaka Kabura alipofika na kuingia safuni ndipo vijiti viliponyamaza, na hapo hakukuwa na wa kupigwa, wala hadithi.

"Mzee," Wachuka akasema mara ya kwanza kwa heshima, "hapo ukate mapema, nikifika ishirini."

"Sawa."

Wakarudia. Hakukata.

"Mzee, tumezidisha dakika moja na nusu!"

"Sawa."

Mara ya tatu Wachuka alikaribia kulia. "Kwani mzee hajui saa? Mtu anafundisha mapigo miaka yote na hawezi kuhesabu mpaka ishirini?"

Kabura alikuwa amesimama katikati ya safu, akihema. Akaweka furushi chini.

"Mwalimu Wachuka, usimlaumu," akasema. "Saa anajua mzuri sana. Ananingoja."

"Anakungoja?"

"Ananingoja nifike. Siku ile hakuningoja."

Sote tulisimama kama tulivyokuwa. Wamae hakushuka kwenye sanduku.

"Ni huyu alikuwa anapiga ngoma kwa geti ya kijiji yetu," Kabura akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Mwaka wa hamsini na nne. Mimi nilimjua siku ya kwanza nilikuja hapa. Hata si sura, sura ilibadilika. Ni mkono yake ya kushoto, vile inaanza mbele ya ingine. Hiyo ngoma niliisikia kila asubuhi. Siwezi kukosa kuijua."

"Na ukanyamaza, Mama Gicheru?" nikamuuliza. "Miezi yote hii?"

"Ningesema nini? Nilikuja kuimba."

Ndipo Wamae aliposhuka. Alikaa juu ya sanduku, vijiti magotini. Alizungumza akiitazama nyasi.

"Nilifunzwa ngoma shule ya misheni. Hedimani alijua. Mama yangu alikuwa na mguu mbaya, ulikuwa umeoza hapa kwa kisigino. Nikaambiwa, ukipiga ngoma ya asubuhi mama yako hataenda mtaroni. Nikapiga. Miezi kumi na moja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

Akavipanga vijiti sawasawa magotini.

"Nilikuwa navuta mvua. Nikiona mtu bado anakuja navuta, navuta mpaka aingie. Hakuna aliyejua. Hata hao waliokuwa wanakimbia hawakujua. Siku moja hedimani akasimama nyuma yangu, akaniambia, leo nikihesabu ishirini unakata, ama mama yako anabeba jembe. Alihesabu. Nilimwona huyu mama na mtoto mgongoni. Alikuwa amebakisha kama hatua thelathini. Nikakata."

"Thelathini na mbili," Kabura akasema. "Nilizihesabu baadaye, siku ingine. Nilitaka kujua ni ngapi."

Aliutazama mkono wake, si kwa uchungu, bali kama mtu anayekagua chombo. "Niliuweka hivi nyuma ili fimbo isimpate mtoto, huyu Gicheru. Ukavunjika mahali mbili. Hakuna mtu wa kuufunga, na kesho yake nilichimba na huu mwingine."

"Mama Gicheru," Wamae akaanza.

"Ngoja, nimalize. Sikuja kukutafuta. Kama ningekuwa na nguvu ya kutafuta watu, wewe hungekuwa wa kwanza. Lakini hii kitu unafanya hapa siitaki. Mimi natoka huko, miguu inaniuma, nakuja pole pole, na wewe unanipigia mpaka nifike ati ni huruma. Hiyo huruma imechelewa miaka ishirini na moja. Mwalimu ameandika ukate, ukate. Siku ile hukuningoja. Hata leo usiningoje."

Akachukua furushi lake, akatuaga kwa kichwa, akashika njia ya kupanda nyumbani. Mazoezi yakaishia hapo. Wamae alivaa koti akasahau kukusanya blanketi. Nilizikusanya mimi na Dawud.

Siku tatu Wamae hakuja. Siku ya nne walinituma nimwite, labda kwa kuwa duka letu lilikuwa karibu na hospitali, labda kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kwenda. Nilimkuta kwenye mvuke, akivuta shuka kutoka kwenye pipa kwa mti mrefu. Hakushangaa kuniona.

"Shika huko mwisho," akasema.

Nikashika mwisho wa shuka. Tukalikamua pamoja, yeye akisokota kulia, mimi kushoto, maji ya moto yakituchuruzikia. Tukakamua la pili na la tatu. Mikono yangu ikaanza kuwaka.

"Yeye anakuja mazoezini?" akauliza.

"Kila siku."

"Anaimba?"

"Anaimba vile vile."

Alining'iniza shuka, akalinyoosha pembe kwa uangalifu ambao shuka la hospitali halikuhitaji. "Mama yangu bado anaishi," akasema. "Yuko nyumbani sasa hivi, anaota jua. Kila mwaka nikimwona anatembea na ule mguu, nasema basi, ilikuwa haki. Kisha nasema hapana. Nimekuwa nikisema hivyo tangu nikiwa kijana. Si kwamba nalia, Murugi. Ni kazi tu, kama hii."

"Wanauliza kama utakuja."

"Nani mwingine atapiga?"

Alikuja kesho yake. Alipanda sanduku, akapiga, na Wachuka alipohesabu ishirini, akakata. Kabura alikuwa bado mbali, peke yake kwenye nyasi. Ngatia, maskini, alisahau kumwendea na fimbo. Tulimaliza kwa dakika kumi na moja na sekunde hamsini, na Wachuka aliandika hivyo kwenye daftari lake.

Hakuna aliyewahi kulizungumzia tena mbele yao. Tulifanya mazoezi hivyo wiki tano, jioni kwa jioni, na sitasema kwamba tulizoea. Kabura alifika, akasalimu kila mtu akimjumuisha na Wamae, akaimba, akaenda. Wamae alitugawia maji kwa kopo wakati wa mapumziko, na zamu ya Kabura ilipofika alilipokea kopo kwa mkono wake mzima, akanywa, akalirudisha. Hivyo tu. Dawud aliniambia angependa wapigane mara moja yaishe. Nikamwambia hao si watu wa kupigana tena. Nguvu hiyo imekwisha.

Mashindano ya mwaka huo yalikuwa kwetu, uwanja wa Ruring'u. Kulikuwa na baridi asubuhi, kisha jua likatoka kali, na ukingo wa nyasi ukajaa watu waliovaa nguo za Jumapili. Waamuzi wanne walikaa chini ya turubai na kengele mezani. Kangema walileta wachumaji chai waliocheza na vikapu. Nanyuki walimleta mtu amevaa kama simba. Kagio walirudi na soko lao, safari hii likiwa na daktari wa uongo anayeuza dawa, na watu wakacheka tena. Tulipoitwa sisi, wengine walikuwa bado wanapangusa machozi ya kicheko.

Tuliingia na wimbo wa shamba. Ngoma zilikuwa chini ya blanketi, zikipumua. Nilivuta pumzi kwa mguu wa kushoto. Watu wakaanza kuitikia, maana ni wimbo unaojulikana. Kisha Dawud akapuliza, na Ngatia akatokea na kofia ile, na nikasikia sauti ya kicheko ikianza upande wa vijana na kufa yenyewe.

Wamae akapanda sanduku. Hakuvaa nguo ya kuigiza. Alivaa koti lake. Akaanza na mkono wa kushoto.

Wanawake wa umri wa Kabura walikuwa wamekaa pamoja karibu na mlingoti wa bendera. Nilikuwa nawatazama nikikimbia. Mvua ile ilipoanza, watatu wao walisimama. Hawakuonekana kama wameamua kusimama. Mmoja alishika mgongo wake mahali mtoto hubebwa.

Tukaingia safuni, mmoja baada ya mwingine. Kabura akatokea mwisho wa uwanja, na furushi lake, na mwendo wake. Mvua ikanyesha. Akafika nusu. Nilihesabu moyoni: kumi na saba, kumi na nane. Nilijua kwamba atakata, na bado nilimwomba Mungu asikate.

Akakata.

Sijawahi kusikia uwanja ukinyamaza hivyo. Kabura alisimama pale alipofikiwa na kimya, katikati, na hatua kadhaa za nyasi mbele yake. Wachuka alikuwa ameandika kwamba aanguke. Hakuanguka. Alisimama akimtazama mtu aliyekuwa juu ya sanduku, na mtu huyo akamtazama, vijiti vikiwa vimening'inia. Ngatia alipaswa kwenda. Alivua kofia ya hedimani akaishika, akabaki hapo. Sote tulipotea. Ni Kabura mwenyewe aliyeanza wimbo wa kuchimba, pale pale aliposimama, na wale wanawake karibu na mlingoti wakaupokea kabla yetu. Wakaimba beti ambazo hata yeye hakuwa ametufundisha. Tulisikia kengele ya waamuzi ikilia, ikalia tena, na hakuna aliyeweza kuwanyamazisha. Tarumbeta za uhuru hazikupulizwa kabisa. Dawud aliniambia baadaye kwamba alijaribu, midomo ikakataa.

Tulipewa nafasi ya nne. Mwamuzi mkuu alisema ngoma zilikuwa bora kuliko za mtu yeyote, lakini tumezidisha dakika sita na onyesho halikuwa na mwisho. Alikuwa na haki kwa yote mawili. Kagio walichukua kikombe. Wachuka alilia kidogo nyuma ya turubai, kisha akarudisha saa ya kaka yake.

Wanawake wale walimzunguka Kabura muda mrefu. Wawili wao walimtazama Wamae akifunga ngoma kwa kamba, nadhani walimjua. Mmoja alimwendea. Niliogopa. Alisema tu, "Wewe ni wa nyumba ya nani?" Akamwambia. Yule mama akatikisa kichwa polepole, akasema, "Mama yako nilimjua," akaenda zake.

Mwaka uliofuata kamati iliandika barua nyingine. Waimbaji na waigizaji waliendelea kuruhusiwa, lakini hadithi ziwe za kujenga taifa, za kilimo, afya na elimu, zisizochokoza mambo ya zamani. Wachuka akaandika juu ya kahawa. Nilikuwa mbuni, mti wa kahawa wenyewe. Tulipata nafasi ya pili, na watu wakatupigia makofi mazuri. Kabura aliimba mwaka huo pia, kisha akahamia Nanyuki kwa Gicheru aliyekuwa amepata kazi huko na kumjengea chumba. Alipokuja kuaga alitusalimu wote kwa mkono, na Wamae naye, kwa zamu yake kwenye mstari, wala hakumshika mkono kwa muda mrefu zaidi au mfupi zaidi kuliko sisi.

Wamae aliendelea miaka mingine minne. Waimbaji wakaongezeka, waigizaji wakaongezeka, ngoma ndogo zikapungua zikawa saba. Hakulalamika. Alifundisha wasichana wawili kupiga mvua, wa kwanza katika miji yote ya mlimani, na mmoja wao, Watiri, alikuja kuikata vizuri karibu kama yeye. Kisha vidole vyake vikaanza kukakamaa, kwa magadi au kwa umri, na siku moja akamkabidhi Watiri bendi, akaenda nyumbani.

Mimi niliolewa Kangema, nikaacha kuimba isipokuwa kanisani. Mara ya mwisho nilimwona Wamae mwaka wa themanini na nne, ule wa njaa na mahindi ya manjano ya msaada. Nilikuwa nimekuja Nyeri kuwaona wazazi, na mama akanituma unga. Foleni ilitoka mlangoni mwa duka ikazunguka kona. Wamae alikuwa watu wawili mbele yangu, amevaa sweta iliyotoboka kiwiko. Aliwaachia wale wawili wapite, akarudi tusimame pamoja.

"Bado unaimba?" akauliza.

"Jumapili tu, mzee. Na wewe?"

"Mimi nalala mchana. Sikujua kama mchana ni mzuri hivi."

Nikamuuliza kama ana habari za Mama Gicheru. Akasema alisikia yuko salama, kwamba ana wajukuu watano.

"Hamjaandikiana?"

"Tuandikiane nini, Murugi?" Hakusema kwa hasira. Alifikiri kidogo, akitazama mbele tulikokuwa tukienda. "Gicheru alipita hospitali kabla sijastaafu. Alikuja kutibiwa jino. Akaniuliza kama ni mimi Wamae wa ngoma, nikasema ni mimi. Akasema mama yake alimwambia akifika Nyeri anisalimie. Nikamwambia amrudishie salamu. Kijana mrefu sana yule."

Foleni ikasogea. Mwenye duka akatoka nje akapaza sauti kwamba ni pakiti moja moja kwa kila mtu, asibishane mtu. Wamae akakunjua mfuko wake wa kitambaa, nami nikakunjua wangu, tukapiga hatua.